Kupiga Windows upya Chake Chake: fundi aliyeniuliza kwanza

Mwaka juzi laptopu yangu ilianza kuganda, nikaipeleka kwa fundi mmoja huku huku Pemba. Hakuniuliza kitu. Jioni akanirejeshea mashine nyepesi, safi, na tupu. Alama za wanafunzi wangu za mihula mitatu zimekwenda, na sauti ya marehemu baba akisoma maulidi, niliyoirikodi kwa simu nikaihamishia humo, nayo imekwenda. Alama nilizijaza tena kutoka kwenye madaftari ya skuli. Sauti ya baba sijaipata mpaka leo.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilipolazimika kupiga Windows tena, yaani kuifuta na kuiweka upya, niliogopa kweli. Lakini msaada wa kawaida wa Windows 10, yaani marekebisho ya usalama kutoka Microsoft, ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mimi naingiza taarifa za watoto wa watu. Nikaenda kwa kijana mwengine, mwenye kibanda kidogo karibu na soko la Chake Chake. Kwanza aliangalia prosesa, ule ubongo wa kompyuta, akaona ni kizazi cha nane, akasema Windows 11 inakubali. Kisha akaniuliza: “Mwalimu, vitu vyako unaviweka wapi?”

“Vyote viko desktopu, mwanangu.”

Akanigeuzia skrini nione mwenyewe. Kumbe desktopu imo ndani ya sehemu ya diski inayoitwa C, pamoja na folda la Documents na lile la Downloads, humo humo inamokaa Windows. Ukiifomati C hujavihamisha, umevifuta. Miaka yote nilidhani kitu kilicho mbele ya macho yangu ndicho kilicho salama kuliko vyote.

Akanakili kila kitu kwenye diski yangu ya nje, kama gigabaiti 70, na hakutosheka kuona nakala imemalizika. Alifungua picha, akafungua faili la alama, akaniambia na mie nichague la kulijaribu. Baada ya hapo ndipo alipochomeka flashi ya Windows.

Diski ya ndani ya laptopu imeandikwa gigabaiti 500 lakini kompyuta ilionesha 465, nikamuuliza kulikoni. Hakukerwa. Alinieleza kuwa kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, na hakuna kilichopotea. C akaipa gigabaiti 150, zilizobaki akazifanya sehemu ya pili, D. Kisha akabonyeza kitufe cha kulia juu ya Documents, akaingia Properties, halafu Location, akaielekeza D. Sasa nikihifadhi kazi inakwenda huko yenyewe, na siku Windows ikiharibika C itapigwa peke yake.

Na alinionya jambo ambalo naomba kila mwenye kompyuta alisikie: D si nakala. C na D ni diski moja iliyogawanywa, ikianguka au ikifa zinakufa zote mbili. Ile diski ya nje sasa inakaa kabatini nyumbani, na kila Ijumaa naichomeka.

Alinitoza shilingi 30,000, maradufu ya niliyolipa mwaka juzi, na alikaa na mashine siku mbili. Ukitaka kazi ya saa moja, hapo si pako. Printa nayo alisahau kuiwekea draiva, ile programu ya kuiendesha, nikagundua asubuhi ya mtihani, ikaniudhi. Nilirudi mchana, akaomba radhi, akaiweka bila ya malipo na kuchapisha karatasi zangu zote mbele yangu.