Uzoefu wangu Manaslu Circuit, Nepal: kampuni, ratiba, vibali na hela

Wadau, nimerudi Nepal juzi juzi, nilienda kuzunguka mlima Manaslu na kampuni moja ndogo ya pale Kathmandu, na kwa kuwa watu kibao wananiuliza bei na maandalizi naona niandike yote kwa pamoja. Kampuni naipa 8 kwa 10. Jina siweki hadharani sababu kuna mambo mawili nitayalalamikia huko chini, ila kilichonifanya niwape alama zote hizo sio gari wala hoteli, ni ratiba. Walitupa siku za kutosha kule juu ili mwili uzoee hewa nyepesi, na wakagoma kabisa kuzikata hata tulipowabana kwenye bei, na hapo ndo nikajua hawa watu wako siriasi.

Kwa wasiopajua, Manaslu una mita 8,163, ni wa nane kwa urefu duniani, na kilele chake kilifikiwa mara ya kwanza mwaka 1956 na timu ya Wajapani. Sasa trekingi hii (safari ya siku nyingi ya kutembea kwa miguu milimani) haiendi kileleni, inauzunguka mlima. Unaanzia chini Machha Khola kwenye joto na mashamba ya mpunga, unaufuata mto Budhi Gandaki kuelekea juu siku baada ya siku, madaraja ya kamba za chuma yananing'inia mto unanguruma chini yako, unapita Jagat, Deng, Namrung, Lho, halafu Samagaun, Samdo, Dharamsala, unavuka pasi ya Larkya La (pasi ni njia ya kuvukia kati ya vilele) kwenye mita kama 5,100 na kushukia upande wa pili Bimthang mpaka Dharapani kwenye barabara.

Mimi ni wa Moshi, Kilimanjaro nimeshapanda, na najua mtu wa kwetu akisikia mita 5,100 atasema mbona Uhuru ni 5,895, hiyo ndogo. Hapana, msiende na hiyo hesabu. Njia ya Marangu unalala Mandara 2,720, kesho yake Horombo 3,720, halafu Kibo 4,720, yaani mita elfu nzima kila usiku, na watu wanavumilia kwa sababu ukizidiwa Kibo unashushwa Horombo kwa masaa machache tu na unapata nafuu. Kule Manaslu ukishafika Samagaun uko ndani kabisa ya bonde, kurudi ulikotoka ni siku kadhaa za kutembea, na ukiwa Dharamsala unashuka kidogo tu halafu ni helikopta, na helikopta inategemea hali ya hewa. Ndo maana madaktari wa milimani wanashauri ukishavuka mita 3,000 usipandishe sehemu ya kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Ratiba yoyote unayotumiwa ipime kwa hiyo kanuni kabla hujaangalia bei.

Kuna kampuni ingine niliiandikia email kabla ya hii, bei yao ilikuwa chini sana nikafurahi, kuja kuangalia ratiba kumbe wamefuta siku ya mapumziko Samagaun, ni Lho, Samagaun, Samdo, Dharamsala, pasi, mfululizo. Nikawauliza mbona hivyo wakajibu wateja wengi wana haraka. Nikaachana nao siku hiyo hiyo.

Hawa niliokwenda nao walitupa siku mbili Samagaun (mita 3,530 hivi) na ile siku ya "mapumziko" sio ya kulala kitandani, kiongozi wetu alitutoa asubuhi tukapanda kuelekea Base Camp ya Manaslu, kambi wanayoanzia wapanda kilele, ambayo iko karibu mita 4,800, hatukufika mwisho, tukaliona lile ziwa la Birendra lina rangi ambayo picha haiwezi kuitoa, barafu inadondoka kwa mbali unasikia mngurumo kabla hujaona kitu, halafu tukarudi kulala chini. Panda juu lala chini, kama vile kwetu Kilimanjaro wanavyokupeleka juu Lava Tower halafu wanakushusha kulala kambi ya Barranco. Kila jioni alikuwa na kile kipimo cha kubana kidoleni cha oksijeni, lakini nilichopenda zaidi ni kwamba hakutegemea namba peke yake, alikuwa anaangalia umekula kiasi gani, umelala vipi, unatembea umenyooka au unayumba.

Tulipofika Samdo mwenzangu (tunafanya naye kazi Doha) akaanza kichwa kuuma na chakula hakimpandi. Kiongozi hakujadiliana na mtu, akasema kesho hatupandi. Tukakaa Samdo siku ya ziada, kichwa kikatulia, ndo tukaendelea. Hiyo siku ilikuwa imeshawekwa kwenye ratiba tangu mwanzo kama akiba na tulishailipia, kwa hiyo hapakuwa na zogo la hela wala ndege ya kurudi. Waulizeni kabisa kampuni yenu: siku ya akiba ipo wapi? Dawa ya Diamox, ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, tulikuwa nayo, miligramu 125 asubuhi na jioni, ila muone daktari kwanza hasa kama una aleji ya dawa za salfa, na msidhani ukimeza unaweza kupanda na dalili, ukiwa na dalili hupandi, basi.

Siku ya pasi tuliamka usiku wa manane, tukatoka Dharamsala na tochi za kichwani ili tuvuke kabla upepo haujaanza. Baridi kali sana. Kupanda kwenyewe sio kugumu kama kushuka, upande wa Bimthang ni mteremko mkali na ulikuwa na barafu, vile vyuma vya kuvaa juu ya viatu msiviache nyumbani.

Vibali sasa. Eneo la Manaslu limebanwa na serikali, huwezi kujiombea kibali mwenyewe, lazima kampuni iliyosajiliwa Nepal na lazima kiongozi mwenye leseni, na sheria niliyoikuta mimi ilitaka wasafiri wasiopungua wawili. Kibali cha eneo ni dola 100 kwa wiki ya kwanza Septemba mpaka Novemba na dola 15 kila siku inayozidi, miezi mingine dola 75 na 10. Juu yake kuna vibali vya hifadhi ya Manaslu na ya Annapurna maana unatokea upande ule, kila kimoja rupia 3,000. Viza nilipata uwanja wa ndege Kathmandu, chukueni ya siku 30 kwa dola 50, ile ya siku 15 itawabana na mtaanza kukimbiza ratiba.

Hela bebeni taslimu rupia tangu Kathmandu, njiani msitegemee ATM. Kuchaji simu unalipia, maji ya moto ya kuoga unalipia, na kadri unavyopanda bei inapanda kwa sababu kila kitu kinabebwa na baghala au mgongoni kwa mtu. (Mkikutana na msafara wa baghala simameni upande wa mlima, sio upande wa korongo, hili kiongozi alitukumbusha kila mara.) Chakula mimi nilikula dal bhat karibu kila siku, wali na dengu na mboga, na wanakuongezea mpaka ushibe. Lodji moja mpishi alishafanya kazi Doha, tulipiga stori za kule mpaka moto ukazimika.

Malalamiko. La kwanza, slipingi begi walizotukodisha zilikuwa nyepesi kuliko walivyoahidi, Dharamsala tuliteseka, tulilala na nguo zote. Ukiweza nenda na yako au ikague Kathmandu mbele yao. La pili limeniuma zaidi: mpagazi wetu alikuja na viatu vya raba vilivyochoka. Mizigo yetu ilikuwa kilo kumi kumi kwa hiyo uzito haukuwa tatizo, lakini mtu anavuka barafu na raba? Nimekulia Moshi, wagumu (wapagazi wa Kilimanjaro) ni majirani zangu, najua familia zinazomsubiri mtu kama yule. Tulimnunulia glavu na soksi nzito njiani na kampuni nikawaandikia barua ndefu, wamejibu kwamba wataanza kukagua vifaa vya wapagazi kabla ya kuondoka. Na nyie ulizeni mapema, mpagazi ana bima? ana koti? analala wapi?

Bima yenu wenyewe isome vizuri, nyingi zinaishia mita 3,000 au 4,000, tafuteni inayofika 6,000 na iandike wazi helikopta. Msimu mzuri ni Oktoba na Novemba, au Machi mpaka Mei. Mkitaka Oktoba kampuni muipate mapema kwa sababu Dharamsala vitanda ni vichache sana na wanaochelewa wanalala kwenye mahema.