Buti za mtumba za Gikomba: miezi mitatu Viwandani

Jumatatu narudi chuo kuanza mwaka wa tano wa uhandisi, na buti hizi narudi nazo. Nilizinunua soko la Gikomba, Nairobi, kwa shilingi 1,800, siku mbili kabla ya kuanza mafunzo ya kazini kwenye karakana moja kando ya Barabara ya Lunga Lunga, eneo la Viwandani. Mama muuzaji alizigonga puani kwa nyundo. "Sikia hiyo, kijana wangu. Ni chuma."

Alisema kweli. Wiki ya tano, tukifungua giaboksi, kifuniko kilinichomoka mkononi kikaniangukia mguuni. Ngozi ilichanika hadi chuma kikaonekana kikimetameta, lakini vidole vyangu vyote vikabaki salama. Fundi mkuu aliinama, akaupapasa mchaniko ule, akaniambia nisizitupe kamwe.

Shida ni soli. Mvua ilipokolea, ya kushoto ilifunguka ubavuni. Nikalipa 150 kushonewa, na tangu hapo haivuji. Ukienda kununua, ikunje soli kwanza, tena ujaribu ukiwa na soksi nene. Mimi bado nazihitaji: mradi wangu ni kukereza shafti, yaani mhimili unaozunguka, ya pampu ya maji, na karakana ya chuo huingii na raba.