TAHADHARI: Matapeli wa "kufufua" maili za ndege zilizokwisha muda

Ndugu zangu, yamenikuta, sitaki yamkute mwingine.

Nilifungua akaunti yangu ya maili, yaani zile pointi shirika la ndege humpa msafiri azitumie kukata tiketi, nikakuta 46,000 zimekwisha muda. Nikauliza kwenye kundi la wasafiri, na papo hapo akanifuata faraghani mtu anayejiita wakala: "Nina mtu ndani ya shirika, dola 120 tu zinarudi zote." Wengi hukadiria maili moja kuwa karibu senti moja ya dola ya Marekani, basi nikaona naokoa kama dola 460. Nikalipa. Akaomba namba ya uanachama, nenosiri, kisha ile namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yangu. Nikampa.

Kulipokucha, zilizokufa hazikuwa zimerudi. Na zile 31,000 zilizokuwa bado hai zimekatiwa tiketi ya mtu nisiyemjua, naye ameshasafiri. Shirika likanijibu kwamba kumpa mtu nenosiri ni kuvunja masharti, likaifunga akaunti. Imeniuma sana, maana zile maili nilimwekea mama.

Jamani, maili ni tarakimu kwenye daftari la shirika lenyewe. Likizifuta, ni lenyewe tu linaloweza kuziandika tena. Yapo mashirika yanayozirudisha kwa ada, ndani ya muda maalumu, kupitia tovuti yao au kwa simu. Anzeni huko. Hakuna wakala wa pembeni mwenye ufunguo huo.

Tena hakikisheni kwanza kama kweli zimekwisha. Maili za mashirika ya Marekani si sawa: za Delta hazina tarehe ya kuisha, na za United vilevile tangu 2019, kwa hiyo anayekwambia zako za huko zimekufa kwa kukaa tu anakudanganya. Za American Airlines kwa kawaida hufa ukikaa miezi 24 bila kuchuma wala kutumia hata moja. Ukichuma chache kabla ya hapo, zote zinapata muda mpya. Za KrisFlyer, mpango wa maili wa Singapore Airlines, kwa kawaida huhesabiwa miaka 3 tangu ulipozichuma, hata kama unasafiri kila wiki.

Wapo pia wanaojidai kununua maili "zinazokaribia kuisha". Karibu programu zote za maili zinakataza biashara hiyo. Shirika likigundua, tiketi iliyokatwa kwa maili hizo inafutwa, na anayeachwa uwanjani na mizigo ni aliyeinunua.

Kama umeshatoa namba ya uthibitisho, usingoje. Badilisha nenosiri la barua pepe kwanza, kwa sababu mwenye barua pepe yako ataweka upya lolote utakalobadilisha, kisha la akaunti ya maili. Halafu pigia shirika simu wazuie tiketi kabla ndege haijaruka. Mimi nilipiga saa mbili baada ya kuruka.

Majina anayotumia yanabadilika, picha pia. Ile kauli ya "nina mtu ndani ya shirika" nimeshaisikia kwa wenzangu watatu. Ukiambiwa hivyo, usimjibu. Piga picha ya mazungumzo, mpeleke kwa wasimamizi wa kundi, mfungie.