Uzoefu wangu: mfumo wa kidijitali katika makao ya wazee, Tanga

Mama yangu mkubwa, aliyepooza upande wa kushoto kwa kiharusi, anatunzwa katika makao binafsi ya wazee hapa Tanga, ambako kengele za vitandani, bangili za kutambua anguko na vishikwambi vya wahudumu vimeunganishwa katika mfumo mmoja. Huduma hii inalipiwa juu ya ada ya kawaida.

Vishikwambi nimevikubali. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya mgandamizo, ndiyo maana kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Awali kazi hiyo iliandikwa daftarini kwa mkupuo mwishoni mwa zamu, kalamu moja na mwandiko mmoja, na hakuna aliyeweza kuuamini. Sasa mhudumu anabonyeza akiwa kando ya kitanda, saa inajiandika yenyewe, na zamu inayoingia inajua nani amelalia ubavu upi. Umeme ukikatika, kumbukumbu hubaki kifaani.

Bangili ni habari nyingine. Bibi wa kitanda cha jirani, ambaye bado anasujudu mwenyewe, alikuwa akiiliza kila Alfajiri, kwa kuwa kifaa hupima mabadiliko ya ghafla ya mwendo na kishindo, nacho kiliihesabu sijda kuwa ni anguko. Wahudumu wakazoea kuizima bila kwenda kumtazama. Fundi alishauri aivue anapotaka kuswali, ushauri wa mtu ambaye nadhani hajawahi kulala pale hata usiku mmoja, maana saa hiyo ya kuamka gizani kwenda msalani na kutia udhu ndiyo hasa mzee huteleza.

Kitufe cha kuita msaada nacho kilifungwa kushoto mwa kitanda cha mama mkubwa, upande wa mkono usionyanyuka. Kilihamishwa baada ya kulalamika.

Linaloniudhi zaidi ni fomu ya ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini fomu ililetwa kwangu, tena kwa Kiingereza, ilhali mama mkubwa ana akili timamu na anajibu mwenyewe anapoulizwa. Nimeomba asomewe kwa Kiswahili kabla sijalipia mwezi ujao. Kwa sasa natoa nyota tatu kati ya tano, zote kwa ajili ya vishikwambi.