Chenso kuukuu: uitengeneze au ununue nyingine?

Chenso iliyokaa stoo muda mrefu ikikataa kuwaka, wengi huanza kuulizia bei ya mpya. Wanakimbilia mbali. Mara nyingi kinachoikwamisha ni petroli iliyochacha, paipu ya mafuta iliyopasuka au dayaframu (utando mwembamba) ya kabureta iliyokakamaa, vitu vya bei ndogo. Kinachoamua ni hali ya silinda na pistoni, na kuikagua hakuchukui hata nusu saa.

Anza na kamba. Zima swichi, shika mpini wa kamba ya kuwashia, uache mashine ining'inie. Injini nzima hushuka kwa kusitasita, ikikwama kila pistoni inapopanda. Ikiporomoka moja kwa moja, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) imekwisha. Mwenye geji ya kompresheni aifunge penye plagi, abane kichapuzi mpaka mwisho, avute kamba hadi mshale usipande tena. Psi (kipimo cha shinikizo) 130 kwenda juu ni nzuri. Chini ya 100, usinunue spea yoyote kabla hujaangalia ndani.

Kuangalia ndani ni kufungua eksozi tu, bolti 2 au 3. Vuta kamba taratibu mpaka pistoni ijitokeze kwenye tundu la moshi, kisha mulika tochi. Pistoni nzuri ni laini, na pengine utaona mistari myembamba ya mlalo iliyotoka nayo kiwandani. Mikwaruzo ya wima ndiyo mibaya. Ikiwa upande wa eksozi, injini iliungua kwa petroli isiyo na oili ya kutosha, au kwa hewa iliyokuwa ikiingia isipotakiwa. Ikiwa upande wa kabureta, ni vumbi lililopenya chujio la hewa. Usidharau tofauti hiyo: anayefunga pistoni mpya bila kuziba hewa inapoingilia atanunua nyingine muda si mrefu.

Mwisho, shika flaiwili (gurudumu zito linalozungushwa na kamba ya kuwashia) uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) zimekwisha, na kuzibadilisha ni kupasua injini yote.

Ukishajua hayo, mpangilio wetu, kuanzia pesa inakofaa zaidi, ni huu.

1. Kutengeneza, silinda ikiwa nzima. Nunua paipu ya mafuta, chujio la ndani ya tangi, kiti (seti ya vipuri) ya kabureta yenye dayaframu na gasketi, plagi na chujio la hewa. Mwanya wa plagi uwe milimita 0.5. Kama hakuna cheche, usikimbilie koili (inayozalisha umeme wa cheche): chomoa kwanza waya wa swichi unaoingia kwenye koili. Cheche ikirudi, ubovu uko kwenye waya au swichi. Isiporudi, pima nafasi kati ya koili na flaiwili, ambayo kwa kawaida ni kama milimita 0.3. Petroli iwe mpya, na oili ya tustroki mililita 20 kwa kila lita pale mwongozo unaposema 50:1, au mililita 40 kwa 25:1.

Ikiwaka lakini ikapiga kelele bila kushika sailensa (mwendo wa taratibu bila kubana kichapuzi), na mlio ukibadilika ukiigeuza huku na huku, shuku oili sili za krenki au mpira unaounganisha kabureta na silinda. Izime papo hapo. Hivyo ndivyo pistoni nzima huungua.

Hesabu za wengi huharibikia kwenye sehemu za kukatia. Sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni) iliyochimbika milimita 0.5 ibadilishwe, la sivyo itaila cheni mpya. Meno ya cheni yaliyobaki na urefu wa milimita 4 hayafai kunolewa tena. Baa (bamba refu linalobeba cheni) ambayo cheni inalala upande ndani ya mfereji wake itakata kwa kupinda hata unoe vipi. Jumlisha vyote. Ikizidi nusu ya bei ya mpya ya daraja lile lile (usiilinganishe na ile ya bei rahisi kuliko zote), nenda kwenye namba 2.

2. Mtumba wa daraja la kazi nzito. Ukaguzi ni uleule, na muuzaji asiyekubali ufungue eksozi achana naye. Gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, subiri ipoe. Kisha ikate gogo, izime, uiwashe tena ikiwa moto. Inayowaka ikiwa baridi tu mara nyingi ina kompresheni hafifu au koili inayokufa kwa joto.

3. Mpya ndogo ya nyumbani. Yenye injini ya cc 35 hadi 45 yatosha kwa kuni na kupogoa. Kupasua mbao kutaimaliza.

4. Kufunga silinda na pistoni mpya. Hii ni kwa mashine ya kazi nzito tu. Silinda za bei chee huja na kingo kali kwenye matundu, ringi hunasa na kukatika. Pitisha kidole kabla ya kulipa. Tena angalia ile ya zamani vizuri: kama ni aluminiamu ya pistoni iliyogandia ukutani, fundi anaweza kuisafisha ukanunua pistoni na ringi peke yake. Kucha ikikwama kwenye mkwaruzo baada ya kusafisha, silinda imekufa.

5. Kung'ang'ania. Kasha la krenki lenye ufa, modeli isiyo na spea, au chenso ya zamani iliyotengenezwa bila breki ya cheni: hata ikiwaka, usiigharamie. Baa ikirushwa nyuma, breki hiyo ndiyo inayosimamisha cheni kabla haijafika usoni. Iuze kwa spea. Kabureta, koili na flaiwili vikiwa vizima havikosi mteja.