Olympus Tough TG-6: kamera ya klabu ya vijana, toka Katwe hadi barafu ya Rwenzori

Vijana wa Kiinuit kule Nunavut, kaskazini mwa Kanada, hupiga picha maisha yao ya kila siku: sili akichunwa, pikipiki za theluji, barafu ya bahari ikianza kukatika. Vivyo hivyo, klabu ya Kasese, magharibi mwa Uganda, inayotaka kupiga picha soko, ziwa la chumvi la Katwe na barafu ya milima ya Rwenzori ikitumia kamera moja ya kuazimana haitakosea kuchukua TG-6 (2019). Ina megapikseli 12, inazama mita 15, na huvumilia kuanguka kutoka mita 2.1.

Tangazo linasema inahimili baridi ya nyuzi -10. Kwa Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, ambako Januari hushuka chini ya -25 bila mtu kushangaa, hiyo haitoshi. Kwetu inatosha, hata usiku wa kambi ya Elena, juu mlimani Rwenzori. Kinachosumbua ni betri: ikipoa husoma tupu kumbe chaji bado imo. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, ulale nayo. Ikipata joto inarudi. Angalia pia swichi ya LOG iliyo juu ya kamera. Ikisukumwa kwa bahati mbaya begini, GPS inaendelea kurekodi hata kamera ikiwa imezimwa, na asubuhi betri imekwisha.

Ukungu wa mvuke ni adui wa kamera. Ukiingia na kamera baridi kwenye kibanda chenye moto na chai inayochemka, mvuke huigandia. Ifunge kwenye kavera (mfuko wa plastiki) ungali nje, funga kabisa, uiache humo mpaka ipate joto la chumba. Usifungue mlango wa betri kabla ya hapo: hewa yenye unyevu ikiingia, inabaki ndani na kufanya ukungu nyuma ya lenzi baadaye.

Theluji huidanganya kamera, picha ikatoka ya kijivu na uso wa mtu ukawa giza tii. Kwenye kipimo cha mwanga (+/-) ongeza +1, jua likiwa kali hata +1.7.

Katwe ina adhabu yake. Chumvi ikikauka kwenye vitufe hukwama, kwa hiyo iloweke kwenye maji baridi matamu, milango ikiwa imefungwa, kisha ikaushe kivulini. Unywele mmoja tu au punje ya mchanga kwenye mpira wa mlango inatosha kuingiza maji.

Udhaifu wake mkubwa ni usiku. Kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo, na ukipandisha ISO (wepesi wake kwa mwanga) kupita 1600 chengachenga zinaonekana wazi. Kasi ya shata (muda wa kuingiza mwanga) huwezi kuichagua mwenyewe. Soko la jioni lenye taa za sola litakusumbua. Ila kwa vitu vidogo haina mpinzani: inakaribia hadi sentimita 1, punje ya chumvi ikajaza fremu.

Ukinunua ya mtumba Kampala, fungua milango yote miwili, ukague mpira kwa tochi. Ukiona kutu ya kijani kwenye vyuma vinavyogusa betri, achana nayo hata wakipunguza bei.