Mshahara Mzuri, Gari Gani? Mwongozo kwa Mwajiriwa wa Dar es Salaam

Katika maegesho ya ofisi nyingi za Posta na Masaki si ajabu kukuta Toyota IST ya mkuu wa idara imesimama ubavuni mwa Crown ya kijana aliyeajiriwa juzi tu. Watu hulieleza jambo hili kwa tabia, kwamba huyu ni bahili na yule anapenda sifa, na mazungumzo yanaishia hapo. Maelezo hayo ni mepesi mno. Anayenunua gari kwa mshahara anajua fika kiasi kitakachoingia mwisho wa mwezi, na anajua pia kwamba kiasi hicho hakitaongezeka kwa sababu gia boksi imekufa. Bei ya kununulia humuumiza mara moja, lakini mafuta, bima na spea humfuata kila mwezi. Ndiyo maana mwongozo huu unayapanga magari kwa kuangalia yanavyotunzika kwa mshahara, na bei ya yadi imepewa uzito mdogo kuliko ilivyozoeleka.

Kwanza ushuru, kwa kuwa ndio unaoamua nusu ya mambo kabla ya mnunuzi kuchagua hata rangi. Gari lililotumika linaloingizwa Tanzania hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1000 hadi 2000, na asilimia 10 kwa injini inayozidi hapo. Umri nao una adhabu yake. Gari la miaka minane hadi kumi huongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka kumi asilimia 30. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, hukadiria kwa thamani iliyo kwenye mfumo wake, hata kama risiti ya Japani inaonyesha bei ndogo zaidi. Kwa gari kuukuu, jumla ya kodi inaweza kukaribia thamani ya gari lenyewe, hivyo anayepanga bajeti kwa kuangalia bei ya mtandaoni peke yake atakwama bandarini.

Hapa ndipo Dar es Salaam inapotofautiana na Nairobi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka minane, na kwa hiyo mwajiriwa wa huko hulazimika kununua gari jipya kidogo kwa bei kubwa kidogo. Sisi tunaruhusiwa kuleta gari la zamani mradi tulipe. Ruhusa hiyo ndiyo inayotuletea sedani za kifahari zenye miaka kumi na tano, zinazong'aa kama zimetoka kiwandani jana, kwa bei ambayo mtu wa mshahara wa kati anaimudu. Gari la kifahari likizeeka bei yake hushuka sana, ila spea zake hazishuki bei kwa kiwango hicho, na fundi wake hapunguzi ujira.

Mafuta nayo yahesabiwe kwa kalamu. Tuchukue mwendo wa kilomita 1,000 kwa mwezi, ambao ni wa kawaida kwa mtu anayetoka Mbezi au Kigamboni kwenda mjini, na tukadirie lita moja kuwa shilingi 3,000, ingawa EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo upya kila mwezi. Gari linalokwenda kilomita 11 kwa lita katika foleni litakula takriban shilingi 273,000. Linalokwenda kilomita 7 litakula kama 429,000. Tofauti ya shilingi 156,000 kwa mwezi inakaribia milioni mbili kwa mwaka, na hapo bado hujabadilisha hata plagi moja. Isisahaulike kwamba ada ya mwaka ya leseni ya magari ilipofutwa katika mwaka wa fedha 2017/18 ilihamishiwa kwenye mafuta, na tangu hapo mwenye injini kubwa huilipa kila anapoingia kituo cha mafuta.

Hata hivyo hesabu haielezi kila kitu, na anayedai kwamba hununua gari kwa hesabu tupu hajajichunguza vizuri. Wakili wa kujitegemea, mshauri wa kodi au mtu wa mauzo ya hati fungani hutazamwa na mteja tangu anapoteremka, na gari lake ni sehemu ya vitendea kazi. Kwa mtu huyo Harrier nzuri inaweza kurudisha gharama yake. Daktari wa hospitali ya umma hana haja hiyo, kwa kuwa mgonjwa haoni alichokuja nacho. Kiongozi wa umma naye ana sababu ya kujibana: Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka atamke mali zake kila mwaka, na gari lisilolingana na mshahara ni jambo la kueleza. Serikali zenyewe zimewahi kulihangaikia suala hili. Mwaka 2009 Uhuru Kenyatta, akiwa Waziri wa Fedha wa Kenya, aliwataka mawaziri warudishe magari makubwa na watumie yasiyozidi cc 1800, na hivyo ndivyo Volkswagen Passat zilivyoingia katika msafara wa serikali. Kwetu shangingi bado lina heshima yake.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana, nayo ni michango. Kadi ya harusi huletwa kwa mtu kwa kiwango kinacholingana na gari lake. Ukiwa na IST, mwenyekiti wa kamati atapokea laki moja na kushukuru. Ukiwa na Prado, atakuangalia kana kwamba umekosea tarakimu. Ukiwa na Prado ndiwe utakayeombwa pia kubeba wazee kwenda msibani Moshi, mafuta juu yako. Sehemu ya unyenyekevu wa magari ya watu wenye mishahara minono inatokana na kujilinda huku, na sioni ubaya wake. Mtu hana deni la kuutangazia ukoo hati yake ya mshahara.

Sasa kwenye mpangilio wenyewe.

Nafasi ya kwanza ni ya Toyota Premio au pacha wake Allion, kizazi cha pili kilichoanza 2007, yenye injini ya cc 1500 au 1800. Magari haya yaliacha kutengenezwa mwaka 2021, lakini spea zake zimejaa Kariakoo na karibu kila fundi wa Gerezani ameshayafungua. Yana utulivu wa ndani unaotosha kumpeleka mgeni wa ofisi uwanja wa ndege bila aibu, buti lake linameza mizigo ya familia, na hayamtangazi mtu. Tahadhari zangu ni mbili. Epuka Premio ya kizazi cha kwanza yenye injini ya cc 2000 ya D4, yaani inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambayo mfumo wake wa kupulizia mafuta ni wa gharama na huchukia mafuta machafu. Ya pili ni kwamba gari hili liko chini: kama barabara ya kwako imechimbika kama nyingi za Goba na Kinyerezi zinavyochimbika kila masika, bampa la mbele na kinga ya injini vitaumia. Kwa mwenye barabara ya lami hadi getini, sijaona gari linalolingana nalo kwa mshahara wa kati na wa juu.

Nafasi ya pili ni Toyota Harrier ya kizazi kilichoanza mwishoni mwa 2013, ambayo mtaani huitwa Anaconda. Wengi huiona kuwa gari la sifa, na kweli lina sifa, lakini hesabu yake ni nzuri kuliko sura yake inavyotisha. Injini yake ya petroli ina cc 1986, yaani imepita kwenye tundu la sindano chini ya kikomo cha cc 2000 na hulipiwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5. Harrier ya kizazi kilichotangulia, yenye cc 2362, hulipiwa asilimia 10, huongezewa adhabu ya juu ya umri, na injini yake inajulikana kwa kula oili. Kwa hiyo anayenunua Harrier ya zamani ili aokoe fedha huenda asiokoe chochote. Ile yenye mfumo wa haibridi, yaani injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme, hunywa mafuta kidogo sana kwenye foleni, lakini uulize kwanza hali ya betri yake kubwa na ipimwe mbele yako, kwa sababu kuibadilisha kunaweza kumeza mshahara wa miezi kadhaa. Bima nayo huongezeka: bima kubwa hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, na ya gari hili haiwezi kulingana na ya Premio. Ningempa nafasi hii mtu ambaye gari lake hukutana na wateja, au anayeishi kwenye barabara mbaya lakini haendi shamba.

IST naiweka ya tatu, na wapo watakaonishangaa kwa kuishusha. Injini zake za cc 1300 na 1500 ni ngumu kufa, huegesheka popote, na ukiitangaza kuuza asubuhi simu hazikatiki. Tatizo lake kwa mwajiriwa mwenye familia ni nafasi, na pia kwamba IST nyingi zilizoko sokoni zimefanya kazi ya teksi ya mtandaoni, hivyo kilomita za kwenye dashibodi haziaminiki. Kama unaweza, leta yako kutoka Japani.

Prado inakaa nafasi ya nne, na mantiki yake inategemea unakokwenda. Mwenye shamba Mufindi au mradi wa kukagua vijijini Kilosa hajavuka mpaka wa busara akinunua Prado ya injini ya petroli ya cc 2693. Ni gari linalodumu, na thamani yake hushuka polepole hivi kwamba baada ya miaka mitano utarudishiwa sehemu nzuri ya fedha yako. Lakini injini hiyo imebebeshwa mwili mzito, na kwenye foleni ya Ubungo kilomita sita kwa lita si jambo la kushangaza. Anayeinunua kwa ajili ya kwenda Mlimani City Jumamosi analipia magurudumu manne yasiyowahi kuona tope.

Crown Athlete ni ya tano, na ndilo gari ninalopenda kuliko yote haya na ambalo sitamshauri mwajiriwa alinunue akiwa na gari hilo moja tu. Linanyooka barabarani, kiti chake kinamkumbatia dereva, na injini yake ya V6 ya cc 2499 inalia kwa adabu. Kwa kuwa tunaruhusiwa kuingiza magari ya zamani, Crown ya mwaka 2006 hivi inaweza kupatikana kwa fedha za Premio, na hapo ndipo vijana wa ukaguzi na benki wanapoingia: kwa mkopo wa mshahara wananunua sura ya meneja mkuu. Kisha injini hiyo ya D4 inaanza kujaza masizi kwenye vali, bushi za mbele zinaanza kugonga, na kila spea ni ghali kidogo kuliko ile ya Premio, kidogo kidogo hadi mwenyewe analiegesha nyumbani siku za kazi na kupanda mwendokasi. Kama fedha ya matengenezo ipo pembeni, lifurahie.

Mwisho kabisa ni magari ya Kijerumani yaliyotumika. Mercedes C-Class ya kuanzia 2007 ina mnyororo wa injini unaohitaji kuangaliwa mapema, na Volkswagen zenye gia boksi ya DSG (ya klachi mbili, inayojibadilisha yenyewe) ya gia saba hazipendi foleni ya kusogea na kusimama kwenye joto letu. Spea halisi mara nyingi huagizwa, na unaweza kukaa wiki kadhaa bila gari. Anayeyaweza ni mwenye gari la pili nyumbani na fundi mwenye kompyuta ya kupimia magari hayo, anayemfahamu kwa jina.

Kuhusu mkopo, mtumishi wa umma anajua kanuni ya kubakiziwa angalau theluthi moja ya mshahara, lakini theluthi hiyo ni kikomo cha makato tu. Mafuta na gereji havimo ndani yake. Kipimo ninachokitumia ni hiki: kama gia boksi ya gari ulilolichagua haiwezi kubadilishwa kwa mshahara wako wa mwezi mmoja bila kukopa, chagua jingine la gharama ndogo zaidi kwenye orodha.

Ukinunua kwa mtu badala ya kuagiza, nenda na fundi wako, si wa dalali. Gari liwashwe asubuhi likiwa limepoa, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla hujafika huficha mlio wa mnyororo na moshi wa kwanza. Fungua kifuniko cha oili uangalie kama kuna utando mweupe, chomoa kijiti cha oili ya gia boksi, kama kipo, uinuse kama imeungua, kisha panda nalo mlima Kimara ukiwa umewasha kiyoyozi. Hakiki kwenye mfumo wa polisi kama lina deni la faini za barabarani, linganisha namba ya chasi na ile iliyo kwenye kadi, na usitoe fedha yote kabla mwenye jina lililo kwenye kadi hajasaini mwenyewe mkataba wa mauziano mbele ya wakili.